Kambi ya Barafu na Mwili wa Mtu Mzima

Fomu ya kujiunga na kambi ilikaa juu ya meza ya jikoni kwa siku 11, ikiwa imejazwa kila mahali isipokuwa sehemu ya malipo. Mwenye fomu ni muuguzi wa miaka 52, mzaliwa wa Kisii nchini Kenya, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini ameishi Brooklyn Park, kitongoji kilicho kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kambi aliyoikusudia ni ya siku tano, na huwafundisha watu wazima mchezo wa kuteleza barafuni kwa mitindo: mchezo uleule unaoonekana katika televisheni wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi, mchezaji akizunguka kama pia, akiruka hewani na kutua kwa mguu mmoja. Ada ya kambi ilikuwa dola 1,400. Nauli ya ndege na malazi yaliongeza dola 1,200 nyingine, na jumla ikawa dola 2,600.

Kaka yake aliyeko nyumbani, alipoisikia hesabu hiyo kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Dada, hiyo ni karo ya mwaka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitaja kipimo anachokijua.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki huenda mchezo wenyewe ukaonekana kuwa jambo la mbali mno. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, ndani ya hoteli moja kwenye Barabara ya Mombasa. Zaidi ya hapo, barafu kwetu ni kitu cha kuwekwa ndani ya bilauri. Minnesota ni kinyume chake. Maziwa huganda kila mwaka hata magari yakapita juu yake, na viwanja vya barafu vimeenea mijini kama viwanja vya mpira vilivyoenea kwetu. Muuguzi huyu alianza kwa kumpeleka binti yake mafunzoni. Kwa misimu minne alikaa kwenye benchi la baridi, amejifunika blanketi, akisubiri. Mwaka wa tano, akiwa na miaka 46, alikodi viatu.

Wala si peke yake. Marekani imekuwa na mashindano ya kitaifa ya watu wazima katika mchezo huu tangu mwaka 1995, na Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza Barafuni limekuwa na mashindano ya watu wazima huko Oberstdorf, Ujerumani, ambako hushiriki watu kuanzia umri wa miaka 28. Washindani wa miaka sitini na zaidi ni jambo la kawaida huko. Palipo na mashindano huzuka pia biashara ya mafunzo, na hapo ndipo kambi zinapoingia.

Swali lililomfikisha kliniki halikuwa la ugonjwa. Alitaka kujua kama safari hiyo inafaa. Jibu la haraka, ambalo wahudumu wengi wa afya hulitoa bila kufikiri, ni kwamba umri haumruhusu. Jibu hilo ni baya, kwa kuwa halimpi mtu taarifa yoyote kuhusu mwili wake, na kwa kuwa mara nyingi humfanya aende bila kuuliza tena. Jibu la pili la haraka, kwamba mazoezi ni mazuri siku zote, halina ubora zaidi. Swali lilistahili kufunguliwa vipande vyake.

Kipande cha kwanza ni hesabu ya saa. Muuguzi huyu huteleza saa tatu kwa wiki: Jumanne saa moja na nusu, Alhamisi saa moja na nusu. Kambi ilitoa saa nne barafuni kila siku, na saa moja ya mazoezi ya nguvu na ya dansi ukumbini. Kwa siku tano, barafuni peke yake, ni saa 20. Hiyo ni kazi ya karibu wiki saba ikitiwa ndani ya wiki moja. Mtaalamu yeyote wa tiba ya viungo akisikia namba hiyo huacha kuandika na kuinua macho.

Sababu ni kwamba tishu za mwili hazijifunzi kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huanza kuzoea kazi mpya ndani ya majuma machache. Misuli nayo haichelewi sana. Kano, kwa mfano ile nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino, huhitaji miezi. Mfupa uliobebeshwa mzigo mpya huanza kwa kumeng'enya sehemu yake ya zamani kabla ya kujenga sehemu mpya, kwa hiyo kuna kipindi cha wiki kadhaa ambacho huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mtu anayeongeza mazoezi ghafula huhisi pumzi yake imeimarika, akadhani mwili wote umeimarika pamoja nayo. Madaktari wanaowaona wakimbiaji wa marathoni walioanza kujiandaa mwezi mmoja kabla ya mbio wanaijua vizuri hadithi hii.

Kuna pia maumivu ya misuli yanayokuja kwa kuchelewa. Baada ya kazi isiyozoeleka, hasa ile ya kutua na kujizuia, maumivu hayo hufikia kilele kati ya saa 24 na saa 72. Katika kambi ya siku tano kilele hicho huangukia siku ya pili hadi ya nne. Basi mtu aliyelipia siku tano za kujifunza huenda akapata siku moja na nusu za kujifunza kwa mwili mzima, na siku zilizobaki akawa anajifunza kwa miguu mizito inayochelewa kuitika. Miguu inayochelewa juu ya barafu huanguka.

Hapa inafaa kueleza viatu vyenyewe, kwa kuwa hatari imo humo. Chini ya kiatu kigumu cha ngozi hufungwa ubapa wa chuma wenye unene wa milimita nne hivi. Ubapa huo haukunolewa kama kisu. Umechongwa mfereji mwembamba katikati, hata ukabaki na makali mawili, ya ndani na ya nje. Mteleza hasimami juu ya ubapa wote, bali huegemea kali moja, akichora upinde barafuni. Kila mtindo wa mchezo huu, kuanzia hatua ya mwanafunzi hadi mruko wa bingwa, ni namna ya kuegemea kali sahihi kwa wakati sahihi. Kosa la nyuzi chache tu katika mwegemeo humwangusha mtu kabla hajajua anaanguka.

Na mtu mzima akianguka hunyoosha mkono. Mwaka 1814 daktari wa upasuaji wa Dublin, Abraham Colles, alieleza mvunjiko wa mfupa wa mkono karibu na kifundo unaotokana na anguko la namna hiyo, na hadi leo mvunjiko huo hubeba jina lake. Hauhitaji barafu. Mama aliyeteleza kwenye sakafu yenye maji jikoni huko Mwanza huupata vilevile. Ila barafu ni ngumu kama saruji na huja kwa kasi, na wanaouvunjika zaidi ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikilinda mifupa yao imepungua.

Muuguzi huyu alikoma hedhi akiwa na miaka 50. Kipimo cha msongamano wa madini katika mifupa yake kilitoa alama ya T ya −1.9. Kwa viwango vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani, alama iliyo baina ya −1 na −2.5 ni upungufu, −2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Mifupa yake, basi, ilikuwa imepungua bila kufikia ugonjwa. Namba hiyo haikusema asiende. Ilisema kwamba anguko ambalo binti yake angelicheka na kuinuka, kwake lingeweza kuwa wiki sita za plasta.

Hizo wiki sita ndizo bei halisi ya kambi, na hazikuandikwa popote katika fomu. Muuguzi mwenye mkono ndani ya plasta hawezi kumgeuza mgonjwa kitandani. Hawezi kuvaa glavu. Angepoteza zamu, na katika nyumba yake zamu zina majina: hii ni ya kodi ya nyumba, hii ni ya dawa za shinikizo la damu za mama yake huko Kisii, hii ni ya karo ambayo kaka yake aliitaja. Kisha ipo bima, ambayo huko Marekani mara nyingi humtaka mwenye bima alipe mwenyewe kiasi fulani kwanza kabla haijaanza kulipa. Alipoketi na karatasi akapiga hesabu ya mshahara uliokosekana na malipo ya hospitali, ajali moja tu ilizidi gharama ya kambi mara mbili. Hakuna anayemtaka mtu aishi kwa kuhesabu ajali ambazo hazijatokea. Hata hivyo, anayetegemewa na nyumba mbili katika mabara mawili huwa anazihesabu usiku, hata asipoambiwa.

Upande wa pili wa mizani nao haukuwa mtupu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea inaongeza mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki. Mteleza wa saa tatu kwa wiki amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya maagizo hayo, na mizani anaifanyia kazi kila sekunde anaposimama kwa mguu mmoja. Katika miaka sita muuguzi huyu amepunguza uzito, analala vizuri, na anasema kwamba ule uwanja ndio mahali pekee ambapo hakuna mtu anayemwita kwa kengele. Sentensi hiyo ya mwisho haina kipimo cha maabara. Iliandikwa kwenye faili lake hata hivyo.

Lakini faida hizo zote zilitoka kwenye Jumanne na Alhamisi, wala hazikutoka kambini. Swali lililobaki ni nini kambi ingeongeza, na hapa upo utafiti wa zamani ambao kila mtu anayefikiria kambi ya aina yoyote angefaidika kuujua. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta wa Uingereza kupiga chapa. Baadhi yao walijifunza saa moja kwa siku. Wengine walifanya vipindi viwili vya saa mbili kila siku. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache zaidi za mafunzo kufikia kiwango kilekile, ingawa kwa kalenda walichukua siku nyingi zaidi. Na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba hao hao waliofaidika zaidi kwa kila saa ndio walioridhika kidogo zaidi na ratiba yao. Waliona wanakwenda polepole.

Kupiga chapa si kuteleza barafuni, lakini kanuni ya kwamba miendo ya mwili hujifunzwa vizuri zaidi ikigawanywa imeonekana katika stadi nyingi. Ubongo huendelea kupanga kile kilichofanywa mchana wakati mtu anapumzika na hasa anapolala. Kambi humlisha mtu kwa wingi kisha humnyima muda wa kumeng'enya. Ndiyo maana wengi hurudi kutoka kambini na furaha kubwa, na wiki tatu baadaye hawakumbuki nusu ya walichofundishwa. Kwa dola 2,600 muuguzi huyu angeweza kulipia masomo 57 ya peke yake ya nusu saa kwa bei ya mwalimu wake wa nyumbani, yaani somo moja kila wiki kwa zaidi ya mwaka.

Ukilitazama kwa hesabu hiyo peke yake, kambi imeshindwa. Haikushindwa kabisa, kwa sababu ipo kazi ambayo masomo 57 ya mwalimu yuleyule hayaiwezi: jicho geni. Mwalimu anayemwona mwanafunzi kila wiki huzoea makosa yake, kama daktari wa zahanati anavyouzoea uso wa mgonjwa wake hata asione umepauka. Mgonjwa akipewa rufaa, mtaalamu asiyemjua huuliza maswali ambayo hayajaulizwa kwa miaka mitano. Rufaa haiponyi. Huleta utambuzi, na tiba hurudi kufanyika kulekule mgonjwa alikotoka. Kambi nzuri hufanya kazi hiyo, na anayekwenda akitarajia kuponywa kwa siku tano amekosea anwani.

Kwa hiyo alitakiwa kufanya mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza, aandike kitu kimoja anachotaka kurudi nacho. Aliandika kwamba kwa miaka miwili ameshindwa kugeuka kwa mguu wa kushoto akiwa kwenye kali la nje, na kwamba hajui sababu. La pili, awaandikie wenye kambi awaulize kila mkufunzi ana wanafunzi wangapi barafuni, kama makundi hupangwa kwa uwezo badala ya umri, kama mtu anaruhusiwa kukaa nje ya kipindi bila kunung'unikiwa, kama kinga za vifundo vya mikono na kofia ngumu zinakubalika, na kama yupo mtu wa huduma ya kwanza. Walijibu siku ya pili, kwa ukamilifu. Kambi isiyojibu maswali hayo haistahili hata dola ya nauli.

Kisha alipewa wiki kumi. Aliongeza kipindi cha tatu barafuni, kifupi, Jumamosi. Mara mbili kwa wiki alifanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka ngazi ya chini polepole, kunyanyua visigino. Alijifunza upya kuanguka, jambo ambalo watu wazima hulidharau: kukunja magoti, kushuka kwa ubavu juu ya paja, na kukunja ngumi ili vidole visikanyagwe na chuma. Vitamini D yake ilipimwa, ikaonekana iko chini. Jambo hilo si la ajabu kwa mtu mwenye ngozi nyeusi anayeishi kwenye majira ya baridi marefu. Alipewa dozi.

Wapo ambao wangeambiwa maneno tofauti. Mwenye selimundu asingeruhusiwa kwa wepesi, maana baridi inaweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na uchovu na upungufu wa maji mwilini huongeza hatari. Mwenye pumu angehitaji dawa ya kuvuta kabla ya kuingia, kwa kuwa hewa baridi na kavu huibana njia ya pumzi, na mashine za kulainisha barafu zinazotumia mafuta hutoa moshi ndani ya jengo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo angeweza kutembea na kidonda ndani ya kiatu kigumu siku nzima asijue. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda angekumbushwa kwamba kugonga kichwa kwake ni dharura hata asipopoteza fahamu.

Siku ya 11 alilipa. Kaka yake aliambiwa baada ya malipo, pamoja na taarifa kwamba karo ya muhula imekwisha kutumwa. Kuna wanaodhani kwamba mchezo wa mtu mzima lazima uitwe dawa ili uhalalishwe, na madaktari wamesaidia sana kueneza dhana hiyo. Huyu hakuwa na haja ya cheti. Alikuwa amefanya kazi za usiku kwa miaka kumi na tisa, na pesa ilikuwa yake.

Alirudi mwezi Agosti akiwa mzima. Siku ya tatu, mapaja yalipokuwa yakimuuma hata kukaa chooni ni shida, aliacha vipindi viwili vya mchana akakaa kwenye benchi, amejifunika blanketi, kama zamani. Miruko hakuifanya kabisa. Ule mgeuko wa mguu wa kushoto ulipata jibu lake saa ya kwanza ya siku ya kwanza: mkufunzi mmoja alimtazama akipita mara mbili, akamwambia avue kiatu, akakigeuza juu chini. Ubapa wa kushoto ulikuwa umefungwa milimita chache nje ya mahali pake, ukimwangusha kila mara kwenye kali la ndani. Fundi wa kambi aliulegeza, akausogeza, akaukaza. Ilichukua robo saa na bisibisi.

Kwa miaka miwili alikuwa akidhani ni uzee. Alipoulizwa kliniki kama kambi ilistahili dola 2,600, ikiwa fundi wa viatu wa mtaani kwake angeweza kuliona kosa hilo kwa dola 30, alifikiri kwa muda. Alisema fundi wa mtaani alikuwa amekinoa kiatu hicho mara nane. Kisha akatazama saa, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi.